Mistari Iliyokataa Kukutana

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni wilayani Kilosa, jirani na reli, na nilikuwa na ubishi wa mtoto aliyeongoza Hisabati darasa la saba. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili. Sekondari hesabu zilezile zikaja kwa Kiingereza, kwa hiyo kila nilipokutana na kitu ninachokijua kwa jina lake la zamani, nilikirukia kama niliyemwona ndugu stendi.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni milinganyo miwili:

2x − 3y = −6
3x − 4y = 4

Tutafute x na y kwa grafu: kila mlinganyo mstari wake, jibu ni pale mistari inapokutana. Nikachonga penseli. Karatasi yangu, ya kununua moja moja kantini, ilikuwa na miraba 24 kwenda kulia na 18 kwenda juu, kila mraba sentimita moja. Mstari wa kwanza nikaupitisha kwenye (0, 2) na (3, 4). Wa pili ukaanzia (0, −1), ukapita (4, 2), ukakata karatasi kona kwa kona. Nikatazama. Miwili hiyo inapanda pamoja, haigusani popote. Nikanyoosha mkono kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Hakuna jibu, madamu. Mistari ni sambamba."

Nililitamka hilo neno kwa Kiswahili, kosa la adhabu pale shuleni, lakini mwalimu hakulishika. Alikuja hadi mezani kwangu, akaweka kidole pale x ilipo sifuri. "Pima toka mstari huu hadi ule, wima." Sentimita tatu. Akasogeza kidole hadi kwenye 12. "Na hapa?"

Mbili.

"Sambamba gani hiyo inayosogeleana?"

Darasa zima likacheka. Jirani yangu, Mtanga mmoja tuliyemwita Mgosi, akaongeza kwamba reli ikijengwa hivyo treni ya Kigoma haifiki hata Kidete. Mwalimu akarudi ubaoni, akaendelea na mengine, mimi nimebaki na rula mkononi na masikio ya moto.

Usiku wakati wa prepo Mgosi ndiye aliyeanza. Kila hatua 12, nafasi inapungua moja, akasema. Nafasi ni tatu. Basi hatua 36. Mimi, kwa kiburi kilichobaki, nikasema siamini mpaka nione. Tukachanga hela, tukanunua karatasi tatu zaidi. Gundi ilikuwa ugali wa jioni, Mgosi aliuponda na matone ya maji kwenye mfuniko wa mkebe wake. Tukaziunganisha nne sakafuni, mbili chini, mbili juu. Ile ya chini kulia haikupitiwa na mstari hata mmoja, ilikaa pale kwa kazi ya kushikilia wenzake tu.

Rula ya sentimita 30 haikutosha, ikabidi kuisogeza na kuendeleza. Mistari ikaingia karatasi ya nne, ikakaribiana mpaka ikawa kama uzi mmoja mnene, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza: inakutana wapi hasa? Mimi nilisema thelathini na nne na nusu. Mgosi alishikilia 36 yake. Penseli butu ilituponza; kwa mistari inayokaribiana taratibu hivyo, ukikosea milimita moja kwenda juu, makutano yanahama zaidi ya sentimita nzima kwenda pembeni. Hilo sikulijua wakati ule. Nilijua tu kwamba sitaki kushindwa mara mbili kwa siku moja.

Tukaamua kwa kutoa. Mlinganyo wa kwanza mara 3, wa pili mara 2:

6x − 9y = −18
6x − 8y = 8

Toa wa kwanza kwenye wa pili: y = 26. Rudisha juu, 2x ni 72. Mgosi hakusema kitu. Aliichukua penseli yangu, akaikwangua ukutani mpaka ikachongoka, akanirudishia.

Grafu ile tuliibandika ndani ya mlango wa loka yangu. Kufikia likizo ya Juni mende walikuwa wamekula ugali wote kwenye maungio, karatasi ya nne ikaanguka nyuma ya kitanda, na mlangoni ikabaki mistari miwili inayopanda pamoja bila kugusana.