Moshi hadi Marangu kwa baiskeli, kwa njia za vumbi: hesabu makorongo kwanza, kilomita baadaye

Kutoka Moshi mjini hadi Marangu kwa lami, kupitia Himo, ni kama kilomita 40. Njia ya juu inapita Kiboriloni, Old Moshi, Kirua, Kilema, halafu Marangu. Ukiipima kwenye ramani utaiona fupi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mimi pia niliipanga kwa kilomita mwanzoni, mpango ukanishinda. Mpango uliokubali ni ule wa kuhesabu makorongo.

Sababu iko kwenye mlima wenyewe. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imechanwa na mito inayoshuka kutoka msituni, na kati ya mto na mto kuna mgongo wenye vijiji. Enzi za umangi, yaani utawala wa machifu wa Kichaga, makorongo haya ndiyo yaliyokuwa mipaka: ng'ambo ya mto ulikuwa kwa mangi mwingine. Mpaka leo barabara nyingi zinapanda na kushuka na mgongo, na zinazokatiza kutoka mgongo hadi mgongo ni chache. Kila unapokatiza unashuka hadi darajani, unavuka, unaanza kupanda upya. Korongo dogo hukushusha mita 60 au 80 za kimo, kubwa hupita 150, na yote hayo unayalipa upande wa pili. Hesabu ninayotumia sasa ni kilomita 10 kwa saa nikiwa mgongoni, halafu dakika 25 za ziada kwa kila korongo. Makorongo manne ni saa 1 na dakika 40 ambazo hazionekani popote kwenye umbali.

Njia naichora kwenye simu kwa ramani ya OpenStreetMap iliyopakuliwa, ikiwa na mistari ya kimo. Mistari hiyo ikibanana pande zote mbili za mto, hilo ni korongo, naliwekea alama. Tatizo ni kwamba ramani inaweza kuonyesha njia ya kukatiza vizuri kabisa, kumbe ni kichochoro cha miguu kinachoishia kwenye gogo lililolazwa juu ya maji. Kwa hiyo kabla ya kila mteremko nauliza, na nimejifunza kwamba swali lenyewe lina maana kubwa. Ukiuliza "ni mbali?" utajibiwa "hapo tu", kwa wema kabisa. Kwa mzee anza na shikamoo, kisha uliza kama daraja lipo. Kwa vijana wa bodaboda kijiweni uliza kuhusu pikipiki:

"Kaka, kwenda ng'ambo kule Kirua, bodaboda zinapita hapa?"

"Zinapita, ila ukifika karibu na daraja unamshusha abiria."

Jibu kama hilo linazidi ramani yoyote. Maana yake daraja lipo na linabeba pikipiki, lakini mita za mwisho ni kali au zina mawe yanayobiringika, kwa hiyo utashuka na kusukuma. Pikipiki inapopita na mzigo, baiskeli ya changarawe (ile ya tairi pana kwa barabara za vumbi, "gravel") inapita. Ukiambiwa "wanapita watu", geuka utafute njia nyingine.

Sasa giya. Baiskeli nyingi za changarawe huja na meno 40 mbele na 42 kwenye sproketi kubwa ya nyuma. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mchanganyiko huo unakulazimisha kwenda karibu kilomita 7.6 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 12 mwendo huo hauushikilii kwa dakika 20. Nilibadilisha ya mbele nikaweka meno 30. Mizunguko ileile sasa inanipeleka kama kilomita 5.7 kwa saa, ambayo mapafu yanaimudu, na gurudumu la nyuma haliruki kwa sababu sihitaji kusimama kwenye pedeli. Ukipunguza meno ya mbele, cheni nayo lazima ipunguzwe, la sivyo inalegea na kupigapiga fremu kwenye mawe. Ifupishe mpaka isining'inie hata ikiwa kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, lakini kabla ya kuikata hakikisha bado inafika kwenye kubwa bila kunyooka kabisa.

Tairi natumia za upana wa milimita 45. Zikiwa na tyubu, kwa mtu wa kilo 75, naweka upepo wa psi 35 mbele na 38 nyuma. Ukizidisha, baiskeli inadundadunda na kupoteza mshiko kwenye changarawe iliyolegea. Ukipunguza mno, jiwe linaibana tyubu dhidi ya rimu na unapata matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni tundu la valvu. Ukitoka mjini, tyubu za duka la kijijini ni za inchi 26 na 28, zenye valvu nene. Rimu za kisasa nyingi zimetobolewa milimita 6.5 kwa ajili ya valvu nyembamba ya Presta, na valvu nene inahitaji kama 8.5. Tyubu unayo mkononi na haiingii! Fundi alinipanulia matundu ya rimu zangu hadi 8.5 na kusugua kingo kwa tupa ndogo, maana ncha kali ikibaki inakata shina la valvu. Nikitumia Presta naweka kipete cha mpira kuziba nafasi. Fanya hivyo kwa rimu pana za alumini tu, za kaboni usiziguse. Tyubu ya inchi 28 ya baiskeli za mizigo ni kubwa kidogo kwa rimu ya 700C, saizi ya baiskeli nyingi za changarawe, lakini ukiipanga vizuri isijikunje inakufikisha nyumbani.

Breki: chagua diski za waya. Za mafuta zina nguvu zaidi, lakini bomba likipasuka Kilema hakuna wa kukusaidia, wakati waya wa breki unapatikana. Udongo mwekundu wa mlimani ukilowa unasaga pedi haraka, kwa hiyo zikague kabla ya kuondoka na ubadilishe ikiwa imebaki milimita 1, kisha beba jozi moja ya akiba. Kwenye mteremko mrefu usizishikilie muda wote. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ipoe. Na kona za huku kaa kushoto kabisa, kwa sababu bodaboda inayopanda na mikungu ya ndizi huchukua katikati.

Kitu kimoja cha njia hii ningependa kila mwendesha baiskeli akitambue kabla hajaanguka nacho: mfongo. Ni mfereji wa asili wa Wachaga, unaochepusha maji ya mto juu kabisa na kuyatembeza pembezoni mwa mteremko hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mahali mfongo unapokatiza barabara, au ukingo wake ulipobomoka, maji yanatanda juu ya udongo mfinyanzi. Inaweza kuwa Agosti, vumbi limejaa kila mahali, kisha chini ya kivuli cha migomba kuna kipande cha mita mbili au tatu chenye rangi ya kahawia iliyokolea na kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Hapo usifunge breki wala usikate kona. Punguza mwendo kabla, usukani uwe umenyooka, acha baiskeli ipite yenyewe. Na usiburuze gurudumu kwenye ukingo wa mfongo. Kuna familia huko chini inasubiri zamu yake ya maji.

Old Moshi panahitaji muda wako. Barabara inapanda kutoka Kiboriloni kupitia Tsuduni hadi Kidia, na ndiyo mpando mkubwa wa kwanza, kwa hiyo kupumzika pale kunafaa kwa miguu pia. Tsuduni ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Ukoo wake bado unadai kichwa chake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Laza baiskeli mbali na mti alikonyongewa, salimia nyumba iliyo karibu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kilema, baada ya makorongo ya Kirua, kuna misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kuanzia Kilema hadi Marangu uliza pia habari za mashimo ya vita, mapango yaliyochimbwa kwa mkono ili watu na mifugo wajifiche wakati wa mapigano. Viatu vya baiskeli vyenye chuma chini vinateleza vibaya mle, vua au vaa vya kawaida.

Ondoka Moshi saa 12 asubuhi. Mawingu hujikusanya kwenye msitu mchana, na huko juu mvua inaweza kunyesha wakati mjini kumekauka. Katikati ya Machi hadi Mei usijaribu kabisa: udongo unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Juni hadi Oktoba ni vumbi lakini panapitika, Januari na Februari pia. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha kwa sababu maduka hayakosekani mgongoni. Beba ndizi mbivu na chapati, na mtori uusubiri Marangu Mtoni. Ukikaribishwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, onja kwa heshima na ushukuru, lakini kata nzima, kile kibuyu cha kunywea, iache mpaka uwe umemaliza miteremko.

Kurudi, shuka kwa lami hadi Himo. Kutoka hapo unaweza kuacha barabara kuu upande wa kushoto, ukafuata njia za chini za Kahe na Chekereni, katikati ya mashamba ya mpunga, na kuingia mjini upande wa Msitu wa Rau. Huko hakuna korongo. Kuna migunga na mbigili. Kila nusu saa simama, zungusha gurudumu taratibu na pitisha glavu juu ya tairi. Mbigili iliyokaa juu ya mpira hung'oka kwa kucha kabla haijafika kwenye tyubu. Mwiba wa mgunga uliozama usiuvute ukiwa mbali na kivuli. Kwanza andaa gundi, kiraka na pampu, ndipo uutoe. Na kabla ya kurudisha tyubu, papasa ndani ya tairi kwa kidole, polepole, mzunguko mzima, maana ncha iliyovunjika humo ndani ndiyo inayoleta pancha ya pili baada ya mita 200.