Maboksi ya kuhamishia kanzu, kutoka Kajificheni mpaka Wete

Kanzu ikishapigwa pasi na kutundikwa haitaki tena kukunjwa. Kwa hiyo tulipoamua kurudi Wete, Pemba, kwa wazee, jambo la kwanza nililomwambia mume wangu ni kwamba nguo zangu haziingii kwenye mabegi.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba tuliyokaa Kajificheni, Mji Mkongwe wa Unguja, ndiyo ilikuwa duka langu pia. Chumba kizima kilikuwa na bomba limepita ukuta hadi ukuta, limejaa kanzu za wateja, majoho ya kukodisha maharusi, magauni ya mahameli, mabuibui yangu na ya wifi yangu. Nguo za kushindia nyumbani sina neno nazo. Dera likikunjamana utalinyoosha kwa mkono na kulivaa. Joho lenye zari ni jambo jingine kabisa. Uzi wa zari umevingirishwa utepe mwembamba wa madini juu yake. Ukikunjwa na kulaliwa na mzigo safari nzima, ule utepe unavunjika palepale kwenye kunjo na unaacha mstari usiofutika. Mahameli nayo ikilaliwa, vinyweleo vyake vinalala, na ukiipiga pasi juu kwa juu unazidi kuvilaza. Dawa yake ni mvuke na subira, na bibi harusi aliyebakiwa na siku mbili hana subira.

Ughaibuni kampuni za kuhamisha watu zinayo maboksi marefu yenye fimbo juu, unatundika nguo na henga zake na safari inaanza. Mengi yana kimo cha mita moja au zaidi kidogo, kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya makoti na mashati. Kanzu ya mtu mzima hutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, sm 140 na kuendelea. Ukiitia kwenye boksi la koti, theluthi ya chini itarundikana sakafuni na hapo umefanya kazi bure. Sisi wavaa nguo ndefu inatubidi tujitengenezee.

Boksi la friji ndilo hasa. Maduka ya vyombo vya umeme ya Darajani huyatoa nje wakishafungua mzigo, na ukiomba vizuri utapewa au utauziwa kwa bei ndogo. Msichukue maboksi ya biskuti wala ya vitunguu. Mende hujificha na kutaga ndani ya vile vitundu vya kadibodi, na mtawahamishia nyumba mpya pamoja na nguo. Hata hili la friji nililianika juani kutwa, nikalipigapiga na kulifuta kwa kitambaa kikavu.

Chana kona ya kadibodi uitazame. Katikati ya karatasi mbili iko ya tatu, imekunjwakunjwa kama bati la paa. Hiyo ndiyo nguvu ya boksi, lakini kwa sharti kwamba mikunjo isimame wima. Mikunjo ikilala, ubavu unabonyea mara tu kitu kizito kinapoegemea. Kwa hiyo unapolikata boksi kulipunguza upana, usigeuze vipande. Mimi nilitaka ndani mwake upana unaofuata henga uwe sm 55, maana henga ya mtu mzima ni sm 45 hivi na mabega hayatakiwi kugusa ukuta. Upana unaofuata fimbo nikaweka sm 60, kimo sm 170. Kitako nilikifanya cha tabaka mbili, la pili limekatwa kwenye ubavu uliobaki.

Fimbo ni mpini wa fagio uliokatwa kwa msumeno. Bomba jembamba la plastiki lisikudanganye, linapinda kwenye joto.

Sasa tundu la fimbo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo maboksi mengi ya nyumbani yanapofia. Ukitoboa kadibodi tupu na kupitisha mpini, uzito wote wa nguo unakaa kwenye ukingo wa chini wa lile tundu, upana wa kidole tu. Gari likirukaruka, ukingo unachanika kidogo kidogo mpaka fimbo imeshuka shibri nzima. Kata vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa daftari, vitatu kila upande, mikunjo yote wima. Vibandike kimoja juu ya kingine kwa gundi nyeupe ya maseremala, ndani ya ubavu pale fimbo itakapopita, uvibane kwa ubao na kitu kizito mpaka asubuhi. Ndipo utoboe, tundu liwe la kubana mpini. Gundi ya uji wa unga wa ngano inashika, lakini ni chakula cha mende na panya, iacheni.

Mpini utokeze nje kidogo kila upande. Funga kamba ya manila kwenye ncha ya huku, ipitishe chini ya kitako, uikaze kwenye ncha ya kule. Mchukuzi atakapolinyanyua kwa kushika ncha za mpini, kamba ndiyo itakayobeba kitako na boksi halitapasuka chini. Seremala jirani yetu alikuja kutazama, akashika ncha moja, akaninyanyulia boksi zima, akasema, "Mwanangu, hii kamba ndiyo kazi." Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa joho lolote.

Mlango ni rahisi. Chana ubavu wa mbele kuanzia juu mpaka nusu ya kimo, pande mbili, uache sehemu ya chini ikunjike kuwa bawaba. Ukishajaza unaufunga kwa selotepu ya kahawia na kuuzungushia kamba, kwa sababu hewa yetu ya chumvi na unyevu hubandua selotepu peke yake.

Henga za waya nilizigawa zote kabla ya kuhama. Zinapinda, na zikishika kutu zinatia doa begani kwenye kanzu nyeupe. Tumieni za mti au za plastiki nene. Kulabu zipishane, moja itazame mbele na inayofuata itazame nyuma, kisha pitisha utepe wa kitambaa juu ya kulabu zote, ufunge kwenye mpini kila mwisho. Henga zilizotazama upande mmoja huruka pamoja gari likipiga shimo. Kwenye fimbo ya sm 60 kanzu 15 zinakaa kwa nafasi, na kwa kuwa kanzu moja na henga yake ni kama nusu kilo, hapo huna hata kilo kumi. Majoho nilitia manne tu. Gauni zito la shanga lisitundikwe kwa mabega: shona vitanzi viwili vya utepe ndani ya kiuno, uvipitishe juu kwenye henga, uzito ubebwe na kiuno. Lenye shanga kupita kiasi lilazwe bapa kwenye boksi lake lenyewe. Kofia za kiua hazikuingia humu kabisa, zilisafiri kwenye furuma zake, vile vibao vya kuzishikia umbo, ndani ya kapu.

Kila kundi nililifunika kwa kanga kuukuu. Usifunge nguo ndani ya nailoni, maana joto la boti na unyevu vitakutana humo na utafungua kuvu. Nilizifukiza udi jana yake usiku, nikaziacha zipoe vizuri kabla ya kuzitia, na vifuko vidogo vya karafuu nikavining'iniza kwenye mpini. Chini kabisa nilipanga kanga zilizokunjwa, boksi lipate uzito wa kusimama.

Wanaokaa Mji Mkongwe watakuwa wameshauliza: boksi la sm 170 linashukaje zile ngazi? Halishuki. Ngazi za mbao za nyumba zetu ni wima na zina kona ambayo hata godoro huigombania. Boksi tupu tuliliteremsha limekunjwa, tukalikunjua barazani, tukalitia kitako na mpini pale pale. Nguo ndizo zilizoshuka, mafungu ya henga tano tano yaliyofungwa kulabu, wifi akitangulia kushika pindo zisiburute. Kichochoro chetu hakipitishi gari, kwa hiyo maboksi yalikwenda kwa mkokoteni mpaka barabarani, ndipo yakapandishwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

Bandarini Malindi, kabla ya kupanda boti ya Pemba, niliandika ubavuni kwa kalamu nene: NGUO ZIMETUNDIKWA, ISILAZWE. Boksi likilazwa, kila kitu kinateleza kwenye fimbo na kujikusanya upande mmoja. Mchukuzi mmoja mtu mzima alilishika, akashangaa wepesi wake.

"Bi, humu mna nini?"

"Kanzu za watu, ami. Nyingine za Idi."

Akamwita mwenziwe, wakalibeba wima mpaka ndani, wakaliegemeza ukutani mbali na pale maji yanapodondoka. Nakuombea kheri, ami, popote ulipo. Kwa nje tulilivika turubai kutoka juu, chini tukaacha wazi lipumue, na chini ya kitako tukaweka vipande viwili vya mbao. Tabaka za kadibodi zimeshikana kwa gundi ya wanga, na wanga ukilowa unaachia. Boksi lililokaa kwenye maji kidogo tu linafunguka kitako.

Kutoka bandari ya Mkoani hadi Wete ni kilomita 60 hivi, na Pemba si Unguja, ni milima na makona njia nzima. Nilikaa nyuma nikishika maboksi, roho ikinidunda kila mteremko. Tulipofika nilifungua mlango wa boksi la majoho kabla ya kufungua wa nyumba. Utepe ulikuwa umekaza vilevile na zari haikuwa na kunjo hata moja. Kanzu mbili za ukingoni zilikuwa na mkunjo mdogo kwenye pindo, zikanyooka kwa mvuke wa birika.

Msiziache humo mkishafika. Kadibodi inanyonya unyevu, na wiki mbili za mvua za vuli zinatosha kuifanya inuke na kuinukiza nguo. Zitoeni siku hiyohiyo, zipigwe upepo, boksi likunjwe liwekwe juu ya kabati.

Yangu yapo, yamekunjwa, na mipini na kamba zake. Mwenye kuhama hapa Wete au Chake kabla ya masika aniambie, nitamwazima, na nitakuja mwenyewe kumwonyesha kufunga ile kamba.