Nilivyopandisha mfumo wa dagaa kwenda Laravel 11 mpaka wadaiwa wakaanza kutudai sisi

Aliyeniambia nifute Kernel.php, faili la mipangilio ya mfumo, ninamdai siku mbili za maisha yangu na bando la kama elfu ishirini hivi, na sijui atanilipa lini.

Nianze na kazi yenyewe. Kuna mama mmoja ana biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, anakopesha mzigo kwa wachuuzi, wengine wako Igoma, wengine Nansio, wengine wanapeleka mpaka Burundi, mtu anachukua magunia leo analipa akiuza. Zamani alikuwa anaandika kwenye daftari. Mwaka 2022 nikamtengenezea mfumo kwa Laravel 9 (Laravel ni fremuweki, yaani kiunzi cha PHP cha kujengea mifumo ya wavuti), deni linaingia, malipo yanaingia, kila asubuhi saa mbili mdaiwa anapata meseji ya kumkumbusha amekaa na mzigo siku ngapi. Ulifanya kazi vizuri tu, mimi nikajisahau. Nakuja kushtuka 2024, Laravel 9 iliacha kupata marekebisho ya usalama tangu Februari, na Laravel 11 imeshatoka Machi 12. Mfumo una hela za watu, nikasema hapana, hii nipandishe.

Ila siyo usalama peke yake ulionivuta, hapo nitakuwa najipaka mafuta. Kilichonivuta ni ukurasa wa wateja. Mama anataka akifungua aone kila mteja na mizigo yake mitatu ya mwisho, kitu kidogo kabisa kukisema, lakini Laravel ya zamani ukiweka limit(3) kwenye uhusiano unaopakia na with, inakuletea mizigo mitatu ya WOTE kwa pamoja, yaani mteja wa kwanza anaweza kuchukua yote mitatu na waliobaki wanaonekana hawajawahi kununua hata kisado. Kulikuwa na pakeji ya mtu ya kutatua hilo ila mimi kwa ubishi nikazungusha lupu, mteja mmoja swali moja kwa databesi, wateja mia nne maswali mia nne. Mama alikuwa anafungua ukurasa anaenda kupima magunia mawili anarudi ndo unamalizia. Laravel 11 imeliweka hilo ndani ya fremuweki yenyewe, limit inahesabu kwa kila mteja. Niliposoma hiyo sentensi nikasimama kwenye kiti.

Sasa lini? Hapa nijisifu kidogo. Wanaojua dagaa wanajua wanavuliwa usiku wa giza, mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukijaa ziwa zima linang'aa, taa yako inakuwa urembo tu, wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua Mwaloni na mama anapata nafasi hata ya kwenda kusalimia kwao Magu. Nikafungua kalenda nikatafuta mbalamwezi ya Septemba, nikazunguka na kalamu. Watu huwa wanasubiri wikiendi kufanya apgredi, lakini wikiendi ya giza pale Mwaloni ni moto, hakuna Jumapili wala nini. Ukitengenezea wafanyabiashara mfumo uliza kwanza wao wanapumzika lini.

Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la madevelopa kuomba ushauri, na hapo ndo nilipojiroga. Jamaa mmoja, anaongea kama aliyekula chakula cha mchana na Taylor Otwell mwenyewe, aliyeunda Laravel, akasema kaka muundo wa zamani umekufa, Laravel 11 haina tena Kernel.php wala lile folda la middleware (vichujio ambavyo ombi linapitia kabla ya kufika ndani ya mfumo), kila kitu kiko kwenye bootstrap/app.php, kwa hiyo anzisha mradi mpya kabisa halafu hamishia kodi zako (za kompyuta hizo, siyo za TRA). Wengine wakaweka dole gumba. Nikaamini.

Ninakaa Igogo, juu huku kwenye mawe, chumbani mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kwa hiyo kazi ya kushusha mapakeji kwa Composer (programu inayoyaleta) nilifanyia juu ya jiwe lililoko nyuma ya nyumba, laptopu kwenye mapaja, simu imewasha hotispoti, bando la usiku, mbu wananila, chini unaona taa za mjini na ziwa limeng'aa na huo mwezi. Kuna jirani alinimulika na tochi akaniuliza we kijana uko salama kweli? Nikamwambia nasubiri Composer. Akasema haya, mwambie awahi.

Siku mbili nzima nahamisha. Ratiba ya meseji ikatoka kwenye Kernel ya konsoli ikaenda routes/console.php, mambo ya makosa yakahama, middleware zikahama, nikajiona fundi, mradi umekuwa mwembamba mafaili machache unapendeza. Nikampa mdogo wangu wa kike ajaribu kwenye laptopu yangu, nikamwambia ingia kama keshia wa tawi la Igoma. Akaingia. Akasema kaka, mbona Igoma wana hela hivi? Nikaangalia, anaona mauzo ya Mwaloni! Anaona mpaka matumizi binafsi ya mama, hadi mchango wa harusi aliotoa kule Magu.

Kumbe kwenye Kernel ya zamani kulikuwa na middleware yangu ndogo, mistari kumi na kitu, inayomfungia keshia kwenye tawi lake, nimeiweka kwenye kundi la web mwaka 2022 nikasahau kama ipo. Nilipofuta Kernel ikabaki inaelea, faili lipo, hakuna anayeliita, na fremuweki hailalamiki, italalamikaje wakati hujaiambia kitu? Ingekuwa imekosekana kwa jina kwenye rauti ningepata kosa jekundu la kutosha skrini nzima. Hii ilinyamaza.

Ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikasoma mwongozo wao wa kupandisha. Imeandikwa wazi kabisa, ukitoka Laravel 10 HAWASHAURI uhamishe muundo, 11 imetengenezwa iendelee kukubali muundo wa zamani. Muundo mpya ni kwa miradi mipya. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na juu kabisa wameweka muda wanaokadiria, dakika 15. Mimi niko saa ya arobaini.

Nikafuta tawi lote la Git (nakala ya kodi niliyokuwa nahamishia) nikaanza upya kutoka 9 kwenda 10, 10 kwenda 11, Kernel yangu imekaa palepale. PHP ya seva nikaipandisha mpaka 8.2 maana chini ya hapo 11 haikubali. Jioni moja, imeisha. Kilichonichelewesha kidogo ni migresheni (mafaili ya kujenga na kubadilisha databesi): siku hizi ukibadilisha kolamu kwa change() lazima urudie sifa zote unazotaka zibaki, usipoandika default tena inaondoka. Kwa databesi iliyoko hewani haikunigusa maana zile migresheni zilishapita zamani, ila nilipojenga databesi mpya ya majaribio kwenye laptopu, kolamu ya malipo ikaja bila ile sifuri yake ya kuanzia na majaribio yakaanguka kama maembe. Nikapiga schema:dump, inayohifadhi muundo wa databesi kama ulivyo, nikaendelea na maisha.

Ukurasa wa wateja ukafunguka kabla sijaondoa kidole. Nikaufungua tena na tena kwa raha tu.

Ijumaa usiku nikapeleka hewani. Bakapu nilichukua, hilo sihitaji kumwambia mtu. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Jumamosi saa mbili na dakika chache simu inaita, mama. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, Mungu ni mwema. Sauti ya furaha kabisa! Anasema nimefungua ile sehemu ya waliochelewesha, leo hakuna hata mmoja, wote wamelipa? Mimi kwa uzembe nikasema amina mama, huku moyoni najiuliza, wote? Hata yule wa Igoma?

Dakika tatu hazijaisha anapiga tena, furaha imekwisha. "Mwanangu, kuna mteja wa Nansio ananipigia ananicheka, hebu njoo."

Nikapanda boda mpaka Mwaloni. Mama ameketi juu ya gunia, ananipa simu nisome meseji aliyotumiwa mteja nayo akairusha kwake: "Ndugu mteja, umekaa na mzigo wetu siku -12.416053240741. Tafadhali lipa deni lako." Watu mia na kitu wametumiwa kitu cha aina hiyo, kila mtu na hasi yake. Na huyu mzee wa Nansio siyo mjinga, alisoma shule, akampigia mama kumwambia kwa hesabu alizofundishwa yeye hasi ina maana yeye ndo anatudai sisi, kwa hiyo leta hela.

Nilijua ni tarehe, ila kwa nini? Hapo sina laptopu, nina simu ya kioo kilichopasuka, jua la saa tatu linapiga usoni, wapakiaji wanapita na magunia wanasema pisha pisha. Bahati nzuri kwenye simu nina Termux, programu ya kuandikia amri. Nikajibanza nyuma ya lori linalopakia, nikaingia kwenye seva kwa kidole gumba, nikatazama mapakeji. Carbon, pakeji ya hesabu za tarehe, imepanda kutoka 2 kwenda 3. Usiku ule niko juu ya jiwe, nasubiri, mbu wananila, ndo ilipokuwa inaingia. Laravel 11 inakubali zote mbili, usipoisemea Composer inakuchukulia mpya. Na Carbon 3, diffInDays yake na ndugu zake wote wa diffIn hazirudishi tena namba nzima, zinarudisha desimali, na zinaweza kuwa hasi kuonyesha mwelekeo wa muda. Mimi nilikuwa naandika now()->diffInDays(tarehe aliyochukua mzigo), kutoka leo kurudi nyuma, kwa hiyo kila mdaiwa ni hasi. Na orodha ya waliochelewesha inachuja siku zaidi ya 7, hasi kumi na mbili itazidi saba wapi? Ndo maana mama akamshukuru Mungu.

Kinachoniuma zaidi, mwongozo ulikuwa umelisema. Ila lilikuwa chini ya yale ya athari ya kati, na mimi nilisoma ya athari kubwa nikafunga.

Nikaandika palepale composer require nesbot/carbon:^2.72 na -W, kwa kidole, nimekosea herufi mara tatu, nikasubiri, ikarudi ya zamani. Nikamwambia mama fungua tena. Akafungua. Wadaiwa wake wote wamerudi, mpaka wa Igoma. Alivuta pumzi kama mtu aliyepata watoto wake, na wapakiaji waliokuwa wanasikiliza wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Nyumbani jioni nikatafuta neno diffIn kwenye mradi mzima, sehemu ishirini na kitu. Zote nikazielekeza kwenye fankisheni moja yangu, sikuZaDeni, ndani yake diffInDays inapewa now() na true ili isitoe hasi, halafu (int) mbele kukata desimali, kisha ndo nikaruhusu Carbon 3. Ningeweza kubaki na 2, lakini Laravel 12 iliyokuja Februari 2025 inataka 3 tu, ningekuwa naahirisha msiba.

Kitu kingine cha 11 nilichokipenda ni kuwekea kikomo maombi yanayofika kwenye seva kwa sekunde, zamani ilikuwa dakika. Keshia wa Mwaloni mtandao ukiwa mzito anabonyeza Hifadhi kama anagonga mlango wa choo, malipo yanaingia mara nne. Nilipojaribu kumbana kwa dakika akashindwa kuhudumia foleni ya kweli, akanisema mpaka kwa mama. Sasa nimeweka Limit::perSecond(1), ombi moja kwa sekunde. Haitoshi peke yake, akingoja sekunde mbili akabonyeza tena inapita, kwa hiyo namba ya stakabadhi nayo databesi haiikubali mara mbili. Mlango wa choo umetulia.

Yule wa kwenye grupu nilimwambia. Akajibu "ila muundo mpya ni msafi zaidi bro" na kiemoji cha miwani.

Mzee wa Nansio alikuja kulipa baada ya wiki, giza limeshaanza, Mwaloni imejaa. Akahesabu hela, akatoa elfu kumi na mbili pembeni akaziweka mfukoni, anasema hizi ni zangu za hasi, elfu moja kwa siku, zile pointi nne nawasamehe. Mama akacheka mpaka machozi, akampokea zilizobaki, kisha akanigeukia mimi. Mwisho wa mwezi kwenye malipo yangu elfu kumi na mbili hazikuwepo.