Sukari iliyogoma kung'oka

Siku tatu nilihangaika kung'oa minyororo ya sukari kwenye protini iitwayo peroksidesi ya mzizi wa hosiradishi. Kila nikiitia PNGase F, kimeng'enya cha kukata minyororo hiyo, mkanda wa protini kwenye jeli unabaki palepale, karibu kilodaltoni 44 (kipimo cha uzito wa molekuli), badala ya kushuka. Nikabadilisha chupa, nikaichemsha protini kwanza, wapi! Nikailaumu hata friji.

Kumbe kosa lilikuwa langu: peroksidesi hii ni kimeng'enya cha mmea. Sukari yake ya kwanza, ile iliyoshikana na asparajini (asidi amino ya protini), imebeba sukari nyingine, fukosi, kwa kiungo cha alfa-1,3, na hiyo ndiyo huizuia PNGase F isikate. Nikaikatakata protini kwa tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, kisha nikatia PNGase A, ambayo haizuiwi na fukosi hiyo. Safari hii spektromita ya masi ikanipa uzito wa mnyororo uliong'oka, unaolingana na sukari hizi: manosi tatu, zailosi moja, fukosi moja na N-asetiliglukosamini mbili.