Tangazo linalomfikia mtoto aliyekwisha kutuma picha

Matangazo mengi ya usalama wa watoto mtandaoni yanamsemesha mtoto ambaye bado hajakosea: usitume picha, usiongee na usiowajua, usitoe namba ya simu. Ni maneno mazuri. Ila mtoto anayeyahitaji zaidi ni yule aliyetuma picha wiki iliyopita na sasa anatishiwa. Akisikia "usitume" redioni, anachoelewa ni kwamba kosa ni lake, na anazidi kunyamaza. Anayemtisha anaishi kwa huo ukimya.

Kwa hiyo mtu anayeandika tangazo la aina hii kwa ajili ya Dar es Salaam aanze na maneno yenyewe, kwa sababu matatu kati ya yanayotumika kila siku yanapotosha.

La kwanza ni "mgeni". Tumelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mgeni anapikiwa, anatandikiwa kitanda. Ukimwambia mtoto wa Temeke asiongee na wageni, umempa amri inayogombana na adabu aliyofundishwa nyumbani. Tena mara nyingi anayemwandikia mtoto ni mtu anayefahamika: jirani, kaka wa rafiki, mtu wa kwenye grupu la masomo ya ziada. Andika kitendo, usiandike aina ya mtu: "mtu yeyote anayekuomba picha za mwili wako".

La pili ni "faragha". Wenye magazeti na wanasheria tunalielewa, lakini mtoto wa darasa la sita atalitafsiri kuwa "siri", na siri ndiyo silaha ya mhalifu: "hii iwe siri yetu". Tumia "mambo yako" au "taarifa zako", kisha taja vitu: jina la shule, mtaa, namba ya mama, muda unaotoka shule. La tatu ni "mtandao". Watu wengi wakilisikia wanafikiria laini ya simu: mtandao unasumbua, mtandao umekata. Taja WhatsApp, TikTok, gemu za kwenye simu, watoto wajue unazungumzia nini.

Sasa redio. Sekunde 30 za Kiswahili kinachosikika vizuri hubeba maneno kama 50 hadi 60. Maneno yetu ni marefu. Ukitafsiri andiko la Kiingereza lenye maneno 75, msomaji atakimbia kama anatangaza mpira. Mfano huu una maneno yasiyofika 50, na umeacha nafasi ya kupumua:

Msichana: "Alinisifia kwanza. Kisha akaomba picha. Nikatuma. Sasa anasema nisipotuma nyingine, atampelekea mama." (Simu inatetema mezani.) "Shangazi... nina jambo."
Shangazi: "Kaa hapa, mwanangu. Nakusikiliza."
Mtangazaji: "Si kosa lako. Usimtumie picha nyingine, usimtumie hela. Usifute meseji zake. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116. Ni bure."

Shangazi yupo kwa makusudi. Kwetu ndiye anayeambiwa mambo ambayo mama haambiwi, na mzazi anayesikiliza anajifunza kwake jibu la kwanza: kusikiliza, kabla ya kupokonya simu. Simu ikipokonywa na kufutwa kila kitu kwa hasira, ushahidi umekwenda. "Usifute" ndiyo sentensi inayokatwa kwanza muda ukibana, na ndiyo isiyotakiwa kukatwa. Dawati la Jinsia na Watoto polisi linahitaji jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na yale matishio. Skrinishoti za maongezi zinasaidia. Picha yenyewe ya mtoto isisambazwe kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa nia ya "kuonya wazazi wenzetu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimwachi anayesambaza.

Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Wape wahudumu wake ratiba ya kurusha tangazo mapema, wapange watu wa kupokea. Tangazo likitoka kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku halafu mtoto akapiga bila kupokelewa, hatapiga tena.

Kwenye daladala hesabu ni nyingine. Stika za nyuma ya kiti zinasomwa na waliokaa, na wanafunzi aghalabu wanasimama. Bandika juu ya dirisha au karibu na mlango, maneno saba hivi, na 116 iwe kubwa kuliko nembo za wafadhili. (Nembo sita zikipangwa chini ya stika, namba inageuka mdudu.) Mahali pengine pa kubandika panaposahaulika ni vibanda vya mafundi simu: watu huacha hapo simu zenye picha za watoto wao, na hata nywila.

Jambo linaloniuma ni matangazo yanayovunja yale yanayoyahubiri. Utaona bango la kulinda taarifa za watoto lenye sura ya mtoto halisi, sare na beji ya shule inasomeka. Mtoto huyo atahusishwa na maneno "alidhalilishwa mtandaoni" kwa miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Piga picha mikono iliyoshika simu, kivuli ukutani, au tumia mchoro. Ukilazimika kutumia mtoto, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, yenye muda na mahali pa matumizi, na umuulize mtoto mwenyewe pia. Tena usiweke fomu inayomtaka mtoto jina na namba ya simu ili "ajisajili kuwa salama".

Kabla ya kurekodi, soma andiko kwa watoto sita hadi wanane, wavulana peke yao na wasichana peke yao, kwa ruhusa ya wazazi. Uliza swali moja: "Umeambiwa ufanye nini?" Wakijibu "tusitumie simu", rudi mezani. Wakijibu "nimwambie mtu, nisifute", ingia studio.

Tarehe nayo isisahaulike. Zile picha za "mtoto amepotea" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hazina tarehe, na huendelea kusambazwa na sura ya mtoto na namba ya mama yake miezi mingi baada ya mtoto kupatikana. Tangazo lolote lenye mtoto liandikwe tarehe ya kutoka na tarehe ya mwisho wa kutumika, kwenye picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini huachwa nyuma likishatumwa mara ya pili.