Nyumba Yangu ya Paneli Kigamboni: Waliosema Nitaokwa Waje Wakae Saa Nane Mchana

Shemeji alipoona Fuso linashusha paneli alicheka mpaka akakaa chini. "Shem, unajenga nyumba au friji la samaki?" Sikumlaumu. Mtaa mzima wanapanga tofali, mimi naleta mabati mawili yaliyobana povu jeupe katikati, unene milimita 100, yale yale ya vyumba vya baridi. Ila joto lisilomfikia samaki litanifikiaje mimi?

Msingi ukamwagwa, kuta zikasimama kwa siku nne. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi ni madirisha. Fundi akaniambia, "Bosi, piga grainda tu, si bati hili?" Nikapiga. Cheche zikaruka, nikajiona mhandisi, mpaka nikaomba nipigwe picha. Wiki mbili baadaye ukuta mweupe ukaota madoa ya kahawia kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikafuta kwa kitambaa, hayatoki. Kumbe kila cheche ni chembe ya chuma cha moto. Inang'ata rangi, inaganda, inapata kutu. Kingo nazo zilikuwa zimeungua rangi pamoja na zinki inayokinga bati lisipate kutu, na upepo wa bahari hausubiri. Jumapili tatu nilizimalizia kwenye msasa, praima na rangi. Fundi simu hapokei. Milango nikakata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo ya chuma, vumbi la bati nikalifagia jioni ile ile. Hakuna doa hata moja.

Silikoni ya kuziba maungio nayo: ile inayonuka siki ina asidi, inakula zinki. Muuzaji akibabaika, minya kidogo unuse mwenyewe.

Sasa jambo ninalojivunia. Fundi umeme alitaka kupitisha waya nje ya ukuta uonekane, kama ofisi ya serikali ya mtaa. Nikakataa. Kabla ya kufunika kuta kwa juu, nilichukua kipande cha nondo ya milimita 25, urefu wa kidole, nikakichomelea kwenye mnyororo, nikakipasha kwenye jiko la mkaa, nikakishusha ndani ya povu. Kikateremka chenyewe kwa uzito wake, ssss, mpaka chini, kikaacha tundu safi kama limechongwa. Cha kwanza nilikipasha mpaka kikawa chekundu, ulimi wa moto ukatoka juu ya ukuta, nikamwaga ndoo nzima na kujilowesha mwenyewe. Kwa hiyo kisiwe chekundu, ndoo iwe karibu, na simama upande unakotoka upepo kwa sababu moshi ule ni sumu. Ndani ya tundu pitisha bomba la plastiki kwanza. Waya ukigusana na povu, ganda lake hukauka na kupasuka baada ya muda. Na kuta za chuma zifungiwe ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, hilo sibishani na mtu.

Gharama? Thelathini na ushei milioni, ukiacha choo na zile ndoo za rangi za kufunika aibu yangu.

Kasoro ni mtandao. Chuma kila upande, simu inashika dirishani tu. Juzi shemeji alikuja saa nane mchana, jua la kuchoma utosi, akalala kwenye kochi bila feni hadi alasiri. Alipoamka akataka kumpigia aliyeniuzia paneli. Nikamwambia atoke nje kwanza, humu haitaenda.