Core i7 ya kizazi cha sita si dili

Ubishi wa prosesa za Intel, Core i5 na Core i7, hauishi. Utausikia kwenye maduka ya Barabara ya Sokoine, Arusha, utausikia mabwenini Njiro kwa wanachuo wa Uhasibu, ukishuka Moshi utaukuta Double Road umekusubiri. Karibu kila mara anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Msimamo wangu ni huu: anayelipa zaidi kwa laptopu ya mtumba kwa sababu ina i7 ya kizazi cha sita, huku i5 ya kizazi cha nane iko rafu ya pembeni, amepigwa. Na aliyempiga ni ile stika iliyobandikwa kando ya kibodi.

Tuanze na hesabu. Prosesa ya i7-6600U, ambayo utaikuta kwenye HP EliteBook 840 G3 za i7, ina viini (core) viwili na nyuzi (thread) nne. i5-8250U ina viini vinne na nyuzi nane. Zote zikisukumwa zinafika GHz 3.4. Kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ya ile ya kwanza ni MB 4, ya pili ni MB 6. Zote zimepangiwa wati 15, kwa hiyo hata hoja ya "i5 itamaliza chaji" haina miguu. Hadi kizazi cha saba, i7 za laptopu nyembamba, zile ambazo namba yake inaishia na herufi U, zilikuwa na viini viwili tu. Intel iliongeza hadi vinne ilipotoa kizazi cha nane mwaka 2017. Mwenye i7 inayoishia na HQ ana haki ya kubisha, maana hizo zilikuwa na viini vinne tangu zamani, ila ni laptopu nene, nzito, zenye chaja kama tofali, na siyo zinazopangwa dirishani.

Kizazi unakisoma kwenye namba yenyewe: tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza ikiwa namba ina tarakimu tano. 6600U ni cha sita, 7300U cha saba, 8350U cha nane, 10210U cha kumi. Usikisome kwenye jina la mashine. Hapa ndipo hata wauzaji waaminifu wanapoteleza, kwa sababu EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zinajulikana kama mashine za kizazi cha nane, lakini baadhi zilitoka kiwandani na i5-7200U au i5-7300U. Nje zinafanana kila kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, usome jina la prosesa kwa macho yako.

Kwa nini naking'ang'ania kizazi cha nane? Kwa sababu Microsoft nao wamechora mstari palepale. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele (za kizazi cha saba zilizoruhusiwa zinahesabika kwa vidole) au, kwa laptopu za AMD, Ryzen kuanzia familia ya 3000, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Kwa matumizi ya mtu mzima anza na 8.

Muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, hii i7 nimeiwekea Windows 11 na inapiga kazi vizuri tu." Anaweza kuwa anasema kweli. Programu ya Rufus inapotengeneza fleshi ya kusakinishia ina kisanduku cha kuruka ukaguzi wa TPM, Secure Boot na RAM, na Windows inaingia bila kelele. Shida inakuja baadaye: Microsoft haiihakikishii mashine kama hiyo masasisho, na toleo kubwa la mwaka likitoka, kwa kawaida haliji lenyewe, itabidi urudi kwa fundi na fleshi. Mwanafunzi anayejua kufomati hana hasara. Ofisi ya utalii yenye pasipoti za wageni na namba za kadi kwenye barua pepe, hapana. Mwenye Windows 10 toleo la 22H2 anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni hulipi kitu, vinginevyo ni dola 30. Hiyo inakupa muda wa kujipanga, basi.

Ubishi wa pili ni wa RAM na diski, na huu unanikera zaidi. Mashine inaganda, mtu anashauriwa aongeze RAM kutoka 8 kwenda 16, anatoa pesa, mashine inaendelea kuganda. Angalia diski. Hadidiski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inazunguka mara 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Ili kusoma faili dogo, mkono wa diski lazima uhame, kama milisekunde 12, kisha usubiri sahani izunguke, kwa wastani nusu mzunguko. Jumlisha: inakaribia milisekunde 18 kwa usomaji mmoja, kwa hiyo haifiki hata mara 60 kwa sekunde. Windows ikiwaka inasoma vipande vidogo kwa maelfu. SSD ya kawaida ya SATA (diski ya chipu, isiyozunguka) haina mkono wa kuhamisha, inasoma makumi ya maelfu ya vipande kwa sekunde. RAM haiwezi kufidia pengo hilo. Kwenye Task Manager, diski ikisimama asilimia 100 wakati hujafungua chochote, jibu lako ndilo hilo.

Kwa hiyo SSD kwanza. RAM inafuata, na hapo weka vijiti viwili vinavyolingana badala ya kimoja. Nyingi ya laptopu hizi hazina RAM ya picha ya kwao, grafiki inakopa RAM ya mashine, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitisha data. Kabla ya kulipa uliza kama RAM inabadilishika. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili. T480s, pamoja na kufanana jina, ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad X1 Carbon yote imechomelewa, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

SSD nazo zina mtego wake. Zile ndogo bapa za M.2 ziko za aina mbili za muunganisho, SATA na NVMe, na kwa mbali zinafanana. Nyingi za SATA zina mipasuko miwili kwenye meno, nyingi za NVMe zina mmoja. Ukipachika NVMe kwenye nafasi inayokubali SATA peke yake, mashine haitaiona, na fundi mvivu atakwambia bodi imekufa. Kwenye T480 iliyokuja na diski ya inchi 2.5, kuweka NVMe kunahitaji kishikizi chake na waya wake, kwa hiyo viulizie kabla hujanunua SSD. Ukishapachika, endesha programu ya CrystalDiskInfo uone saa ilizofanya kazi na afya yake. "Mpya" yenye saa elfu nane imechomolewa kwenye mashine nyingine. Zile diski za nje za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni kanyaboya: ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, na faili zinaanza kufutana pindi ukubwa wa kweli unapojaa. Programu ya H2testw inajaza diski nzima halafu inasoma kila kitu tena. Ni kazi ya saa kadhaa, ila haidanganyiki.

Sasa ukaguzi wa dukani. Muuzaji akikukatalia haya, maduka yako mengi.

Zima mashine, iwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri na muuzaji hana, iache hapohapo. Usikubali maneno ya "tutatoa betri ndogo ya CMOS litajifuta". Kwenye laptopu hizi za kiofisi nenosiri linakaa kwenye chipu ambayo haitegemei betri hiyo, na kwa ThinkPad msimamo rasmi wa Lenovo ni kubadilisha bodi. Ukiwa humo ndani tafuta pameandikwa Absolute au Computrace, mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibiwa. Ikiwa imewashwa, huenda mashine bado iko kwenye orodha ya mwenye mali wa zamani.

La pili ndilo linaloumiza wengi. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni, na kampuni husajili mashine zake kwa Microsoft kupitia Autopilot. Ikiwa haikuondolewa kwenye usajili, siku ukiifomati na kuiunganisha na intaneti itakudai barua pepe na nenosiri la kampuni ya huko Ulaya. Dukani haionekani kwa sababu fundi aliisakinisha bila mtandao. Dawa: mwombe aifanyie reset mbele yako, mwanzoni mwa kusakinisha uunganishe hotspot ya simu yako, usubiri. Ikikusalimia kwa jina la kampuni, shukuru na uondoke. Itakula karibu saa nzima na bando kidogo. Kaa.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la battery-report kwenye folda lililokutajia. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Betri ya 840 G5 iliundwa kwa Wh (wati-saa) 50, ukiona 27 ujue imebaki nusu na ushei. Ukiona inalingana kabisa na ya kiwandani kwenye mashine ya miaka saba, ama imebadilishwa ama imechakachuliwa. Chomoa chaja, cheza video mwanga ukiwa juu kwa nusu saa, hesabu asilimia zilizoshuka. T480 ina betri mbili, moja ndani moja nje, na ripoti inazionyesha zote. Wauzaji wanapenda kubadilisha ya nje tu.

Kwa T480 na ndugu zake wa 2018, chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C. Zilikuwa na hitilafu kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, inayofanya tundu kukataa kuchaji. Lenovo walitoa sasisho mwaka 2019. Likiwekwa mapema mashine inapona, likichelewa unaweza kuishia kubadilisha bodi.

Andika slmgr /xpr uone kama Windows imeamilishwa moja kwa moja au ina tarehe ya mwisho. Ikikupa tarehe iliyo ndani ya siku 180 zijazo, ni uamilishaji wa muda wa KMS, njia ya ofisi kubwa, na mara nyingi kilichoufanya ni programu ya wizi ambayo hujui imebeba nini kingine. Laptopu za kampuni kwa kawaida zina leseni yao kwenye BIOS, hazikuhitaji ujanja huo. Futa, sakinisha upya.

Chaja usiidharau. Dell ina pini nyembamba katikati ya plagi inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Chaja feki ikishindwa kujitambulisha, unapata onyo wakati wa kuwaka, betri haijai, na prosesa inapunguza kasi kwa makusudi. Watu wanalaumu prosesa. Na ile chaja yenye plagi ya Kijerumani usiibebeshe adapta inayocheza kwenye soketi. Ule waya wa mwisho wenye matundu matatu unachomoka, nunua wenye plagi ya pini tatu za bapa, ni bei ndogo.

Waongoza wageni wana swali lao. Hadidiski za nje kwa kawaida zimepimwa kufanya kazi hadi mwinuko wa mita 3,048, kwa sababu kichwa chake huelea juu ya sahani kwa hewa, na hewa ikiwa nyepesi kinashuka. Kituo cha Horombo, Kilimanjaro, kipo mita 3,720. Picha za wageni zipande mlimani na SSD.

Na ile i7 ya kizazi cha sita uliyokwisha kuinunua? Usiitupe. Iwekee SSD na RAM GB 8, kisha Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, unaohudumiwa hadi 2029. Kuvinjari, kuandika ripoti, kutuma ratiba za safari, video, yote yanaenda. Ambao siwashauri ni wanaotumia QuickBooks ya kompyuta au Photoshop, maana haziji kwa Linux na kulazimisha ni kutafuta kesi. Wenye steshenari wajaribu printa kabla ya kufuta Windows. HP LaserJet P1102, kwa mfano, haichapi hadi HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, ishushe kijalizo (plugin) kutoka mtandaoni. Fleshi ya kusakinishia Mint inaweza kuwaka ukaijaribu bila kugusa diski, kwa hiyo chomeka printa, unganisha Wi-Fi, chapa ukurasa mmoja, halafu ndipo ubonyeze kusakinisha.